Theluji Isiyozinduliwa

Itifaki imezingatiwa, wasomaji wangu: mliokaa, mliosimama, na nyie mnaosomea begani kwa mwenzenu. Zimeni simu. Wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo, msijifanye wageni. Mimi naitwa Eliakimu Lugazo, mshereheshaji wa shughuli zote za serikali katika Wilaya ya Ndumbilo, kule juu milimani ambako mawingu hupita chini ya madirisha. Hakuna kitu kilichofunguliwa wilayani kwetu bila sauti yangu. Nimetangaza madawati. Nimetangaza matundu ya vyoo. Nimetangaza mkaratusi mmoja uliopandwa na viongozi watatu kwa nyakati tofauti, na kila mara nilisema ndio mti wa kwanza.

Sijatumwa na mtu kuandika haya. Naandika kwa sababu mji umejaa umbea. Eti Lugazo alifanya hivi, eti mke wa Lugazo alifanya vile. Wengine hata uwanjani hawakuwepo, lakini ndio wanaosimulia kwa mikono yote miwili. Basi nitasema mwenyewe, tangu theluji ilipoanguka hadi utabiri uliosomwa baadaye, na mtaona kwamba serikali yetu haikukosea mahali popote.

*

Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, nieleze jambo moja. Kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Sisemi hakitumiki, nasema hakipo. Daraja la Mto Nyira limekamilika zamani, lina taa na lina njia ya waendao kwa miguu, lakini halijakatwa utepe. Kwa hiyo watu wanavuka majini, viatu mkononi, na mvua ikinyesha wanajibanza chini ya daraja. Zahanati ya Mtaa wa Juu ina vitanda vipya, bado vimo ndani ya nailoni. Wagonjwa wanalala barazani na kuvichungulia dirishani. Wageni wanatucheka. Wacheke tu! Mtu mstaarabu havamii kitanda ambacho mgeni rasmi hajakiona.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi, mke wangu, Mama Subilaga, alitoka kuchukua kuni uani. Akarudi mikono mitupu.

"Baba Subilaga, toka uone. Mbingu imemwaga unga."

Nikatoka. Jamani! Mapaa meupe, migomba myeupe, mbwa wa jirani kasimama katikati ya njia ananyanyua mguu mmoja mmoja. Umande ulioganda tunaujua, huwa unatuunguzia viazi. Mvua ya mawe tunaijua. Hiki kilikuwa kingine kabisa. Kilishuka polepole bila kelele, na ukikishika kinageuka maji. Mimi, kama mtumishi wa umma, nilifunga mlango haraka.

"Rudi ndani," nikamwambia mke wangu. "Hicho kitu hakijatangazwa."

"Kimeshaanguka."

"Kuanguka kimeanguka. Kutangazwa bado."

Akaniangalia kama anavyoniangalia nikirudi sokoni na nyanya zilizooza. Kisha akaenda kumfunika mtoto. Binti yetu Subilaga ana miaka saba na ana kifua tangu azaliwe. Baridi ikimpata, anapumua kwa mluzi, na midomo yake inabadilika rangi. Asubuhi ile mluzi ulikuwa umeshaanza.

*

Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Kasuka Ndelilwa, si mtu wa kukurupuka. Aliunda kamati siku hiyo hiyo, ikaitwa Kamati ya Tathmini ya Kitu Cheupe. Wajumbe walikaa ukumbini na majiko matatu ya mkaa, wakaletewa supu ya mbuzi, na kwenye sinia la chai wakaletewa kitu chenyewe. Mjumbe mmoja alisema ni chumvi. Mwingine akasema ni dawa ya mbu iliyomwagwa kutoka angani bila zabuni. Wa tatu, ambaye ni mtu wa usalama, akasema ni hujuma ya wapinzani, ndiyo maana imeanguka bila kelele. Mheshimiwa Ndelilwa akachota kwa kijiko, akaonja, akafumba macho. Ukumbi mzima ukafumba macho.

"Ni maji," akasema. "Lakini ni maji yenye msimamo."

Makofi yakapigwa. Mimi ndiye niliyesoma tathmini hiyo sokoni kwa spika. "Ndugu wananchi! Kitu kilichoanguka ni theluji. Kiasi chake ni cha kuridhisha. Weupe wake ni wa viwango vya kimataifa. Ubaridi wake umepimwa na kuonekana unavumilika. Tangu nchi hii ipate uhuru, serikali zote zilizopita zilishindwa kuleta theluji. Hii imeweza!"

Mzee mmoja muuza viazi akauliza kama kuna msaada wowote kwa ng'ombe wake waliokufa zizini. Nikamjibu vizuri tu, kwa heshima, kwamba theluji bado haijazinduliwa, na kwa hiyo haijaua ng'ombe wa mtu.

Baada ya hapo polisi walizungushia theluji kamba. Amri ilikuwa fupi: hakuna kuikanyaga mpaka mgeni rasmi aikanyage kwanza. Watu wakauliza watapita wapi, maana imefunika wilaya nzima. Wakaambiwa wapite pale ambapo haikuanguka. Kijana mmoja wa bodaboda alikutwa ameandika jina la mchumba wake juu ya theluji nyuma ya kanisa. Polisi walimkamata, wakachota theluji yenye maandishi kwenye karai kama kielelezo, wakaiweka kaunta ya kituo karibu na jiko. Kufika saa ya mahojiano, kielelezo kimeshakuwa maji. Kijana akaachiwa kwa kukosa ushahidi, na karai likashikiliwa.

Karai hilo mtalisikitikia nyie. Mimi nilisikitikia theluji, kwa sababu Jumanne jua lilitoka.

"Nani karuhusu jua?" Mheshimiwa Ndelilwa alifoka. Waziri alikuwa ameshathibitisha kwamba atakuja Jumamosi kuizindua theluji, na theluji ilikuwa inatiririka mtaroni mchana kweupe, mbele ya askari wenye bunduki. Ikabidi iokolewe. Mafriza ya baa zote yalitolewa bia, friza la buchani likatolewa nyama, na la mama muuza sato likatolewa sato. Iliyookolewa ikawekwa humo. Ilipokaguliwa siku ya pili ilikuwa imeshikana mawe, na ilinuka samaki.

*

Hapo ndipo akaitwa Bwana Gwakisa, mtabiri wetu wa hali ya hewa. Ni msomi mpole, amevaa miwani, na tangu aajiriwe hajawahi kutabiri kitu kingine zaidi ya mawingu kiasi na vipindi vya jua katika maeneo machache. Hata siku kimbunga kilipobeba paa la ofisi yake, alisoma hivyo hivyo akiwa ameketi chini ya anga. Kwa hiyo anaaminika sana.

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mheshimiwa. Nilikuwepo, maana mshereheshaji lazima ajue anachokwenda kukisherehekea.

"Gwakisa," Mheshimiwa akaanza, "Jumamosi Waziri anakuja. Nataka theluji."

"Ipo, Mheshimiwa." Bwana Gwakisa akavua miwani na kuifuta. "Inakuja yenyewe. Ijumaa usiku upepo utageuka, utashuka kutoka kileleni. Jumamosi asubuhi itaanguka, na itakuwa nyingi kuliko ya juzi."

"Safi kabisa!"

"Ila itakuja na baridi, Mheshimiwa. Baridi mbaya. Watu wa mabonde ya juu wangeshushwa mapema. Watoto wasitoke nje kabisa, hasa wadogo. Wenye mifugo..."

"Ngoja, ngoja." Mheshimiwa aliinua mkono. "Theluji nimeikubali. Baridi iondoe."

Bwana Gwakisa akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akaangalia nyuso zetu. Akaacha kucheka.

"Mheshimiwa, vinakuja pamoja."

"Nani kavipa kibali vije pamoja? Uwanja utakuwa na halaiki ya watoto wa shule nne. Waziri mwenyewe ni wa Hali ya Hewa na Furaha ya Wananchi. Wewe unataka nimwambie nini? Kwamba hali ya hewa imekuja, furaha imebaki nyumbani?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi?"

Bwana Gwakisa alivaa miwani yake. Jioni ile redio ya wilaya ikasoma kwa sauti yake mwenyewe: "Siku ya Jumamosi kutakuwa na theluji ya kutosha, bila baridi. Upepo utavuma kwa nidhamu. Wananchi wajitokeze kwa wingi pamoja na watoto."

Lakini siku ya pili alinivizia pale mlangoni kwa fundi viatu. "Kaka Lugazo," akaninong'oneza, "mwanao ana kifua, si ndiyo? Jumamosi mwache nyumbani."

"Redio imesema hakuna baridi," nikamwambia.

"Ndiyo, nimeisikia," akasema, na kuondoka mbiombio ameinama.

Nawaulizeni, ningefanyaje? Mtu yule yule anasema mambo mawili. Mimi nikafuata lile lenye kibali.

*

Alhamisi likaja lori la mablanketi. Nchi rafiki moja ilikuwa imesikia kwamba kwetu kumeanguka theluji, ikatuma mablanketi mazito, ya kijivu, yenye manyoya ndani. Yakapangwa ukumbini. Habari zikafika nyumbani kabla yangu.

"Nasikia mablanketi yamekuja," Mama Subilaga akaniambia, hata sijavua viatu. Mtoto alikuwa kalala karibu na jiko, na mluzi wa kifua chake unasikika hadi mlangoni.

"Yamekuja, mke wangu. Mazuri sana!"

"Nenda kaombe moja."

"Hayajazinduliwa."

"Eliakimu." Akiniita kwa jina langu, mjue mambo yamechacha. "Mtoto anapumua hivi, na mablanketi yapo hapo ukumbini, na wewe ufunguo wa ukumbi unao."

"Ninao kwa ajili ya vipaza sauti! Jumamosi yatazinduliwa pamoja na theluji. Siku mbili tu. Halafu nina habari njema. Subilaga ndiye amechaguliwa kumpa Waziri maua."

Nilitegemea ataruka kwa furaha. Ni heshima kubwa hiyo, jamani, kuna watu wamehonga wasiipate! Mama Subilaga alichochea moto. Nikachukulia kwamba amezidiwa na furaha.

*

Jumamosi ilifika, na theluji ikafika nayo, sawasawa na utabiri. Hapo lazima tumpongeze Bwana Gwakisa. Ilianza kuanguka wakati watoto wanapangwa uwanjani, matone makubwa, laini, yanayojikalia tu juu ya nywele. Na upepo ukashuka kutoka kileleni, ukavuma kwa nidhamu. Upande mmoja tu, bila kupumzika.

Uwanja ulipendeza mno. Jukwaa lilikuwa na turubai, viti vya kitambaa na majiko ya mkaa kwa viongozi. Mbele ya jukwaa mablanketi yalipangwa kama nyumba ndogo, yakazungushiwa utepe mwekundu wenye ua kubwa. Pembeni alisimama karani mwanamke, ameshika mto wa hariri wenye mkasi wa dhahabu. Na mbele ya mablanketi, hatua chache tu, walisimama watoto wa halaiki, wameyaelekea.

Walivaa fulana nyeupe zenye picha ya Waziri anatabasamu. Baadhi ya wazazi walikuwa wamewavika sweta, na hilo lilileta mtafaruku kidogo, kwa sababu sweta inafunika uso wa Mheshimiwa. Walimu wakazivua. Mama Subilaga, mjanja, alikuwa amemvika wetu sweta kwa ndani. Mwalimu mkuu akaja kunilalamikia mwenyewe.

"Mzee Lugazo, angalia. Shavu la Waziri limevimba."

Kweli lilikuwa limevimba. Nikamvua mwanangu sweta kwa mikono yangu. Alisimama mbele ya wenzake wote, ameshika maua yake, fulana inampepea. Mama yake alikuwa mbali, nyuma ya kamba na wananchi wengine, na nilishukuru kwa hilo.

Tukaanza kusubiri. Nilisema, "Mheshimiwa yuko njiani!" Wananchi wakapiga makofi. Bendi ya mgambo ikapiga kidogo, midomo ikagandia kwenye matarumbeta, ikaacha. Nikasema tena, "Mheshimiwa anakaribia!" Na hakika ving'ora vikasikika, msafara ukaingia, magari meusi yakajipanga pembeni ya uwanja karibu kabisa na jukwaa. Nilijaza pumzi nimtangaze.

Mlango haukufunguka. Kioo kilishushwa upana wa kidole, mvuke wa joto ukatoka, na msaidizi wake akaja jukwaani mbio.

"Mheshimiwa anasema kuna theluji nje."

"Ndiyo," akasema Mheshimiwa Ndelilwa kwa fahari. "Ndiyo hiyo anayokuja kuizindua!"

"Anasema ataizindua ikiisha kuanguka."

Sasa hapo ndipo ninapompendea Waziri wetu. Kiongozi mwingine angetoka tu ovyo akalowana. Yeye alikaa ndani ya gari, injini inaunguruma, akangoja theluji ikamilike ndipo aikague kikamilifu. Nikarudi kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi, Mheshimiwa yuko njiani!" Gari lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Wachache wakapiga makofi. Ilikuwa pia njia ya kupasha mikono joto.

Theluji haikukamilika. Watoto walianza kuimba ngonjera yao ya makaribisho ili wasitetemeke, lakini meno yalikuwa yanagongana katikati ya maneno. Mstari wa nyuma ulikuwa umeshakuwa mweupe kuanzia kichwani mpaka mabegani. Mtoto mmoja akalia, kisha wa pili, na mwalimu akapita anawaziba midomo taratibu. Subilaga hakulia. Aliangalia mablanketi tu. Kisha akakaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka, maua yakiwa bado mkononi.

"Baba Subilaga!" Sauti ile niliijua hata kwenye upepo. "Mtoto anaganda! Baba Subilaga, huoni?"

Niliona. Sasa mimi ni nani? Nina kipaza sauti cha serikali mkononi. Nikasema, "Wananchi, naomba utulivu. Mheshimiwa yuko njiani."

Hapo akapita chini ya kamba.

Mke wangu si mtu wa makuu. Anauza uji asubuhi pale stendi, hata mikutano ya mtaa anakaa nyuma. Alikatiza uwanja mzima kwa miguu yake, anaikanyaga theluji ya serikali kwa kandambili, kishindo kimoja baada ya kingine. Askari akamkimbilia.

"Mama! Mama, hiyo haijazinduliwa!"

"Nimeshaikanyaga. Nifunge."

Akampita. Askari akabaki anazitazama zile nyayo, hajui azizungushie kamba au afanyeje. Mama Subilaga akamwinua mtoto, akamweka begani. Maua yakaanguka. Nilidhani atarudi nyumbani, na moyoni, wallahi, niliomba arudi nyumbani. Yeye akamwendea karani, akachukua mkasi juu ya mto wa hariri kama anavyochukua kisu jikoni. Akasimama mbele ya utepe. Akanitazama mimi. Mimi, mume wake, juu ya jukwaa, karibu na jiko la mkaa.

Akakata.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ndipo umbea unapoanzia. Watu wanasema nilishirikiana naye. Uongo mtupu! Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Nikiona mkasi umegusa utepe, mdomo unafunguka wenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Kabla sijajua ninachosema nilishasikia sauti yangu inavuma uwanja mzima:

"Na sasaaa imezinduliwa rasmi! Makofi kwa mgeni rasmi!"

Nani angezuia? Mheshimiwa Ndelilwa alipiga makofi wa kwanza, mikono yake nayo imezoea. Jukwaa zima likasimama. Bendi ya mgambo ikavunja barafu midomoni ikapiga wimbo. Yule askari akapiga saluti. Na kina mama waliokuwa nyuma ya kamba, waliposikia theluji imezinduliwa, wakaiingia wote kwa pamoja, wakayavamia mablanketi, kila mmoja akamfunika wa kwake na wa mwenzake, wakaondoka mbio. Hata karani alichukua moja. Ndani ya muda mfupi uwanja ulibaki na sisi wa jukwaani, na maua.

Kioo cha gari kikashuka. "Kelele gani hizo?" Waziri akauliza.

Msaidizi wake, kijana mwepesi, atafika mbali yule, akamwambia, "Umeshazindua, Mheshimiwa."

"Aa," Waziri akasema. "Na ilikwendaje?"

"Vizuri sana, Mheshimiwa."

Kioo kikapanda. Msafara ukaondoka.

*

Jioni alikuja nyumbani Mheshimiwa Ndelilwa mwenyewe, amevaa makoti mawili. Subilaga alikuwa kalala kwenye blanketi la kijivu karibu na moto, mama yake anamvukizia majani. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi yake. Vidole vya mguu mmoja bado vilikuwa vyeusi, na muuguzi aliyekuja kuviangalia alisema tungoje tuone.

"Lugazo," Mheshimiwa akasema bila kuketi, "tumekaa kama kamati. Mkeo hana kosa lolote. Tumekubaliana kwamba hakuwepo."

"Nashukuru, Mheshimiwa!"

"Mimi sikuwepo?" Mama Subilaga akauliza.

"Hukuwepo, mama. Aliyekata utepe ni Waziri. Aliyemwinua mtoto ni Waziri."

"Kwa kandambili zangu?"

Mheshimiwa alinitazama nimsaidie, nami nikamkaribisha chai. Hakunywa. Alisema kuna tatizo dogo limebaki: picha. Mpiga picha wa serikali alipiga kila kitu, na kila picha ina mwanamke. Wameziangalia kwa kila upande, hakuna inayoweza kuwa Waziri. Kwa hiyo theluji itabidi izinduliwe upya, Jumamosi ijayo, na watoto, na maua, na mablanketi yarudishwe yapangwe tena. Alisema hilo la mwisho akiliangalia blanketi lililomfunika mwanangu. Mke wangu alisogea akakaa juu ya pindo lake. Mheshimiwa akaaga.

Mke wangu naye akajitanda khanga, akatoka, akarudi giza limeshaingia. Muda si mrefu redio ikaanza. Ilisema Waziri leo amezindua theluji ya kwanza nchini katikati ya shangwe, na kwa mikono yake mwenyewe amemfunika mtoto mmoja aliyezidiwa na furaha. Halafu ikaja sauti ya Bwana Gwakisa, ya upole kama kawaida. "Jumamosi ijayo kutakuwa na theluji nyingi zaidi, bila baridi. Wazazi wanaombwa wawalete watoto."

Mama Subilaga alinyanyuka kabla Bwana Gwakisa hajamaliza kusoma, akachukua shoka, akatoka uani. Nikasikia anapasua kuni. Kisha nikasikia kwa jirani wanapasua. Kisha nyumba ya pili, na ya tatu, na upande wa pili wa barabara, mpaka mtaa wote ukawa unagonga. Nikachungulia. Watu walikuwa wanaziba nyufa za madirisha kwa magunia, wanaingiza mbuzi ndani. Nikashangaa kweli. Redio imesema bila baridi, na wao wameelewa baridi inakuja!

"Baba," Subilaga akaniita kutoka kwenye blanketi. Sauti ilikuwa ndogo, yenye mluzi.

"Naam, mwanangu."

"Jumamosi utatangaza?"

"Nitatangaza. Ndiyo kazi ya baba."

"Mama kasema hatuendi. Na kina Tusekile hawaendi. Mama amepita kila nyumba, wote hawaendi."

"Hayo ni maneno ya mama tu."

Akavuta pumzi, akafikiri kwa bidii kama wanavyofikiri watoto.

"Sasa utamwambia nani apige makofi?"

Mimi, Eliakimu Lugazo, mtu ambaye sijawahi kukosa neno hata umeme ukikatika, nilikaa pale kando ya kitanda, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Nikaangalia vile vidole vyake vyeusi. Iliniuma, sitaficha. Nikavifunika vizuri, nikavaa koti langu, nikatoka kwenda kumpokea mke wangu shoka.